Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: barua ya wazi kwa wanaopanga kazi na mechi

Kwa mawaziri wa kazi na wa michezo, mameneja wa maghala na viwanda, wasimamizi wa zamu, viongozi wa vyama na vilabu, na makocha.

Waheshimiwa,

Naandika barua hii mguu wangu wa kulia ukiwa umenyooshwa juu ya kigoda. Nikiukunja zaidi ya nusu saa, kuinuka kwangu kunakuwa shughuli: nashika meza, nasubiri goti likubali, kisha nasimama. Ngazi napanda kama watu, ila kushuka nashuka ubavu, kama kaa. Nina miaka 47.

Nilipakia na kupakua mizigo ghalani kwa miaka 19. Katika 12 kati ya hiyo nilicheza pia mpira, beki wa kulia, kwenye ligi ya daraja la chini ambako mchezaji hulipwa nauli na shukrani. Siku za kazi nilikuwa chini ya gunia, mwisho wa wiki nilikuwa uwanjani, na siku ya katikati haikuwepo. Msimamizi wa zamu hakujua ratiba ya mechi zangu. Kocha hakujua idadi ya magunia yangu. Goti ndilo lililojua yote mawili, na halikuwa na wa kumwambia.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona begani kwa mwingine, unadhani ni pamba tu. Sisemi kwamba ninyi ni watu wabaya. Wapo kati yenu walionipeleka hospitali kwa gari lao wenyewe, usiku. Ninachosema ni kwamba anayepanga mzigo si anayeubeba, na kati ya hao wawili hakuna mizani.

Nianze na hesabu ya siku moja. Lori lilifika alfajiri na magunia 800 ya kilo 50. Tulikuwa wanane. Jioni msimamizi alisaini hati ya kupokea mzigo: tani 40. Nambari hiyo ilikwenda kwa mhasibu, kwa mwenye mzigo, kwa mwenye lori. Hakuna hata mmoja wao aliyeigawa kwa nane. Ni tani 5 kwa kila mgongo, magunia 100 kwa kila mtu, na kila gunia lina kazi mbili, kulipokea begani na kulipanga kwenye rundo. Siku nyingine, kwa utani tu, tulichukua gunia lililonyeshewa na mvua njiani tukaliweka juu ya mizani ya ghala. Lilisoma 58. Tulicheka, tukaendelea kubeba. Mizani ile ilikuwepo pale siku zote. Kazi yake ilikuwa kupima bidhaa, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba ingeweza pia kupima kazi yetu.

Na si kwamba dunia haijawahi kulifikiria jambo hili. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 127, unaosema mfanyakazi asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo lililoambatana nao, namba 128, lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima: mahali ambapo mzigo unaoruhusiwa unazidi hapo, upunguzwe haraka iwezekanavyo. Kwa wanawake na vijana, uwe mdogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Najua yupo atakayenijibu kwamba basi gunia la kilo 50 ni halali. Ndugu yangu, hizo kilo 55 zinazungumzia gunia moja. Hazisemi kitu kuhusu gunia la mia.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipoiandika upya kanuni yake ya kuinua mizigo mwaka 1991, ilianzia kilo 23. Hizo 23 zenyewe ni za hali nzuri kupita zote: mzigo uko karibu na mwili, umeanzia usawa wa mapaja, una mahali pazuri pa kushika, hupindi kiuno, na huinui mara kwa mara. Kila sharti likivunjika, kilo zinapungua. Mzigo ukikaa nusu mita mbele ya vifundo vya miguu, 23 inageuka 11 na nusu. Sasa mfikirieni mtu anayevuta gunia kutoka kona ya ndani ya lori, amejikunja, mikono imenyooka, shingo ameiinamisha kulikwepa paa. Sijui kanuni ingempa kilo ngapi huyo, lakini hamsini haziwezi kuwa.

Labda nieleze kinachotokea ndani ya mwili, maana kwa nje tunaona jasho tu. Mimi mwenyewe niliyajua haya nimeshachelewa, kwenye kitanda cha mtaalamu wa fiziotherapia, mama mmoja mwenye subira aliyekuwa akinifundisha huku ananikunja.

La kwanza alilonifundisha lilinishangaza: mwili hautaki kupumzishwa tu. Unataka kazi. Gegedu, yale mafuniko laini yanayokaa kwenye ncha za mifupa ndani ya kiungo, hayana mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute wa kiungo, na kinaingia kama maji yanavyoingia kwenye sifongo: ukikanyaga, ute unakamuliwa, ukiinua mguu, unanyonywa. Asiyetembea anayashindisha magegedu yake njaa. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kulika kwa viungo vya nyonga na goti kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Zitazameni nambari hizo mara mbili. Aliyekaa yuko vibaya, anayeshindana yuko vibaya zaidi, na nafuu iko kwa yule anayejipimia mwenyewe, anayekimbia leo na kesho akipenda akaacha. Mpakiaji wa mizigo hana hiari hiyo. Mchezaji wa kulipwa naye hana.

Gegedu pia halina mishipa ya fahamu. Likilika, halisemi. Maumivu huja baadaye, kutoka kwenye mfupa ulio chini yake na utando unaokizunguka kiungo, wakati hasara imeshaingia. Kwa hiyo yule mfanyakazi anayewaambia "niko sawa, bosi" hawadanganyi. Kweli hasikii kitu. Mimi nilisema hivyo kwa miaka.

Diski za uti wa mgongo, ambazo ni 23, nazo huishi kwa namna hiyo ya kunyonya na kukamuliwa. Usiku zinajaa maji, mchana zinabonyea, ndiyo maana kila mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala. Asubuhi na mapema zimevimba na kukaza, na kuinama saa hizo kunazibana kuliko kuinama mchana. Na lori, kama nilivyosema, hufika alfajiri.

Halafu kuna tofauti ya mwendo kati ya nyama na kano, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ndipo vijana wengi wanapoumizwa. Msuli una damu tele. Ukiupa kazi usiyoizoea, unauma kwa siku mbili tatu, na hayo maumivu hayatokani na ile asidi ya laktiki tuliyokuwa tukiambiwa zamani bali na nyuzi zake ndogo zilizojeruhiwa. Kisha unajitengeneza, na ndani ya wiki chache una nguvu kuliko mwanzo. Kano, zile kamba ngumu zinazoufunga msuli kwenye mfupa, zina damu kidogo. Zinajijenga kwa miezi. Basi anakuja kijana mpya ghalani. Wiki ya kwanza analia mwili mzima. Wiki ya sita mabega yametanuka, anajiona simba, na msimamizi naye anamwona simba, anamhamishia kwenye mzigo mzito. Kano zake bado ni zile za kijana wa wiki ya kwanza. Nimewaona wakiondoka mwezi wa tatu au wa nne, mmoja kashika kiwiko, mwingine bega halipandi juu ya sikio, na sisi wakongwe tukisema, "Hakuwa mtu wa kazi." Nayajutia maneno hayo. Alikuwa mtu wa kazi kabisa. Alipandishwa mzigo kabla kano hazijafika.

Malalamiko ya mgongo yakizidi, jibu lenu huwa ni moja: semina. Nimehudhuria nne. Anakuja bwana nadhifu, ana boksi mbele yake, anatuonyesha: kunja magoti, nyoosha mgongo, vuta mzigo karibu na kifua, simama. Anainua kwa ustadi. Semina ya tatu nilijitolea kwenda kujaribu mbele ya wenzangu, nikagundua boksi lilikuwa tupu.

Somo lenyewe si la uongo. Mwaka 1999 watafiti nchini Ujerumani walichapisha vipimo vya shinikizo ndani ya diski ya mgongo ya mtu aliyejitolea kuingizwa kipimo humo. Akiwa amesimama tu, shinikizo lilikuwa kama megapaskali 0.5. Alipoinua kilo 20 akiwa amepinda mgongo, lilipanda hadi 2.3. Alipoziinua kwa kukunja magoti, lilikuwa 1.7. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo lina shinikizo la karibu 0.2. Kwa hiyo ndiyo, namna ya kuinua ina maana, na mimi nawafundisha watoto wangu waikunje miguu. Ila angalieni hizo nambari upande wa pili: hata aliyefanya vizuri kama alivyofundishwa, diski yake ilibeba mara tatu na zaidi ya ile ya kusimama, na mzigo ulikuwa kilo 20 tu.

Na kuna jambo ambalo boksi tupu haliwezi kufundisha. Kuchuchumaa na kuinuka na mzigo kunakula nguvu nyingi kuliko kuinama, kwa sababu kila mara unainua na mwili wako mwenyewe. Gunia la kumi utachuchumaa. La themanini, mapaja yanatetemeka, na mwili bila kukuuliza unachagua njia ya nafuu: unapinda mgongo. Huo si ujinga wala ukaidi wa mfanyakazi. Tathmini ya tafiti iliyofanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2011 ilihitimisha kwamba mafunzo ya kuinua mizigo peke yake hayazuii maumivu ya mgongo. Mikanda ile mipana ya kiunoni nayo mnayotununulia kwa nia njema ilifanyiwa utafiti mkubwa Marekani uliotoka mwaka 2000, ukifuatilia maelfu ya wafanyakazi wanaoshughulika na bidhaa madukani. Majeraha ya mgongo hayakupungua kwa waliovaa. Nilikuwa na miwili. Ilinisaidia kuweka kalamu.

Mnaona basi tunakoelekea. Semina inamrekebisha mbebaji. Mkanda unamfunga mbebaji. Gunia limebaki kilo 50, lori limebaki juu, rundo limebaki refu kuliko kichwa, na watu wamebaki wanane.

Kuna mizigo isiyoonekana ambayo wenzenu wamekubali kuipimia. Wakata mawe wanaotumia nyundo za hewa walikuwa wakipata vidole vinavyoganda na kuwa vyeupe. Daktari Alice Hamilton aliwachunguza huko Indiana, Marekani, mwaka 1918 na kuonyesha chanzo ni mtetemo wa zana. Leo Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2002, una kiwango cha mtetemo wa mikono kwa siku ambacho mwajiri lazima achukue hatua, mita 2.5 kwa sekunde ya mraba, na kikomo cha 5 kisichovukwa. Ikiwa mtetemo, kitu usichoweza hata kukishika, umepata kipimo na kikomo, gunia linashindikana nini?

Sasa niwageukie ninyi wa michezo, maana nilipokuwa mchezaji nilidhani huku ndiko kwenye akili zaidi. Kuna madaktari, kuna barafu, kuna makocha wa viungo. (Kiswahili chetu kina utani wake: kiungo ni goti, na kiungo ni yule anayecheza katikati. Akiumia kiungo, kiungo anakaa benchi.) Lakini kwa wengi wetu wa madaraja ya chini vitu hivyo havipo, na hata kwa wakubwa mzigo unazidi kupanda. Utafiti wa majeraha unaofuatilia vilabu vikubwa vya Ulaya tangu mwaka 2001 umeonyesha kwamba majeraha ya nyama za nyuma ya paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02, na kufikia 2021/22 yalikuwa asilimia 24. Madaktari wa vilabu hivyo ni bora kuliko waliokuwepo zamani, na vifaa vimeongezeka. Sehemu ya jeraha hilo imekuwa maradufu.

Mnapenda kusema, "Namwangalia mchezaji wangu, nikiona amechoka namtoa." Utafiti mmoja wa mwaka 2010 uliofanywa kwenye klabu kubwa ya Ulaya ulilinganisha wiki za mechi moja na wiki za mechi mbili. Umbali waliokimbia wachezaji haukubadilika, wala mbio zao za kasi. Majeraha yalikuwa 4.1 kwa kila saa 1,000 katika wiki za mechi moja, na 25.6 katika wiki za mechi mbili. Yaani jicho la kocha halikuwa na cha kuona. Mchezaji alikimbia vilevile hadi dakika aliyochanika. Kwa hiyo, makocha wangu, jicho halitoshi. Kalenda ndiyo inayosema kweli, na kalenda haipangwi na mchezaji.

Nieleze jinsi nilivyoumia mimi. Ilikuwa nusu fainali ya kombe, na goti lilikuwa limevimba tangu wiki iliyotangulia, limejaa maji, ukilibonyeza linarudi polepole kama unga uliokandwa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na mtu tuliyemwita daktari wa timu, ingawa sikuwahi kujua alisomea nini. Akanichoma sindano mbili pembeni ya goti. Baada ya dakika kumi lilikuwa goti la mtu mwingine. Nilicheza dakika 90, na sitasema uongo, nilicheza vizuri. Usiku ganzi ilipoisha nilijua kuna kitu kimeondoka. Asubuhi yake, Jumatatu, lori lilikuwa mlangoni.

Mama wa fiziotherapia alinieleza baadaye kilichokuwa kikiendelea. Goti likijaa maji, mwili unaupunguzia nguvu msuli wa mbele wa paja, kama anayezima taa chumba kinachovuja. Msuli unasinyaa upesi. Aliponipima kwa utepe, paja la kulia lilikuwa jembamba kwa sentimita 4 kuliko la kushoto. Msuli huo ndio kinga ya goti unaposhuka ngazi au unapotua kutoka hewani. Maumivu yalikuwa yakinikataza kulitumia goti lisilo na kinga. Sindano ilimnyamazisha mlinzi, mwizi akaingia kwa raha zake.

Msidhani hayo ni ya ligi za vichochoroni. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010, kwa mujibu wa taarifa za madaktari wa timu zenyewe, zaidi ya theluthi moja ya wachezaji walitumia dawa ya kutuliza maumivu kabla ya kila mechi. Kidogo kidogo milango inafungwa: tangu Januari 2022 sindano za glukokotikoidi, dawa za kushusha uvimbe, haziruhusiwi wakati wa mashindano, na tangu Januari 2024 tramadoli, dawa kali ya maumivu, nayo imepigwa marufuku wakati huo na Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani. Lakini marufuku yanayomkuta mchezaji kwenye kipimo cha mkojo hayamgusi kiongozi aliyemwambia, "Kombe hili haliji mara mbili."

Na kurudi uwanjani mapema ni kosa linalojulikana hadi kwa tarakimu. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti, ile kamba inayoshikanisha mifupa, utafiti wa Norway uliotoka mwaka 2016 ulikuta kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri zaidi, hadi kufikia miezi 9, ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Mwezi mmoja tu. Klabu inayomrudisha mchezaji mwezi wa sita imebashiri kwa goti ambalo si lake.

Dawa zilizopo ni rahisi hadi zinaleta aibu. Mchezaji apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, ajiachie mbele polepole akijizuia kwa nyama za nyuma ya paja hadi mikono iguse chini. Zoezi hilo, linaloitwa la Nordic, halina gharama hata kidogo, na tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha linapunguza majeraha ya nyama hizo kwa takriban nusu. Ile programu ya kupasha mwili joto ya FIFA 11+ inachukua dakika 20. Ilipojaribiwa kwa wasichana wa Norway, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, majeraha yalikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja. Timu yangu ilipasha kwa kuimba na kuzunguka uwanja mara tatu.

Kwa watoto nasema kwa ufupi, kwa kuwa sipendi hata kulifikiria. Mfupa wa mtoto una sehemu laini unapokulia, na kano inayouvuta kila siku kwa mchezo ule ule inaweza kuiumiza sehemu hiyo. Wamarekani wa besiboli ya watoto, kwenye ligi ya Little League, waliacha mwaka 2007 kuhesabu vipindi alivyorusha mtoto wakaanza kuhesabu mirusho yenyewe: mwenye miaka 9 au 10 asizidishe 75 kwa siku, na baada ya idadi fulani lazima apumzike siku kadhaa. Anasimama mtu pembeni na karatasi, anahesabu. Hakuna kocha anayebishana na karatasi.

Hicho ndicho ninachokiomba, waheshimiwa. Karatasi. Mhasibu wenu anajua idadi ya magunia yaliyoingia, basi na idadi ya yaliyopita kwenye kila mgongo iandikwe. Kila kifurushi kiandikwe uzito wake wa kweli, na kinachozidi kilo 25 kiwe na mashine, toroli au mtu wa pili, kama baadhi ya viwanda vya saruji duniani vilivyokubali kupunguza mfuko. Jukwaa la kupakulia liwe usawa wa sakafu ya lori, na rundo lisipite kifua. Mgeni kazini apandishwe mzigo kwa miezi, kama mnavyompandisha mshahara (huo mnaukumbuka kuupandisha polepole). Anayesema goti linauma wiki ya kwanza apewe kazi nyepesi bila kukatwa siku, kwa sababu anayeogopa kukatwa atasema wiki ya thelathini. Kwa michezo, dakika za mechi na siku za mapumziko za kila mchezaji ziandikwe na zionekane na wote, na kama ana kazi nyingine ya kubeba, nayo iingie humo humo. Uamuzi wa kucheza na jeraha aufanye mtu ambaye mshahara wake hautegemei kombe.

Nitaambiwa ni gharama. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, tatizo ambalo Shirika la Afya Duniani linasema linaongoza kwa kulemaza watu. Gharama hiyo ipo tayari na inalipwa kila siku, ila haipiti kwenye vitabu vyenu. Inalipwa na mke anayemvalisha mume soksi, na mtoto aliyeacha kurukia mgongo wa baba yake. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliiweka kazi salama na yenye afya kati ya haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kutolazimishwa kazi. Mawaziri wa kazi, mlikubali ninyi wenyewe, au waliowatangulia.

Sijakasirika na kazi. Hadi leo nikipita karibu na ghala nikasikia lori linarudi kinyumenyume, mikono inawasha. Wala mpira sijauacha. Jumamosi nasimama nje ya mstari na filimbi, nawafundisha vijana kupiga magoti na kujiachia mbele polepole, na ninapowashika vifundo vya miguu mwenyewe ndiye ninayeugulia.

Kama kuna msimamizi mmoja atakayejaribu, kesho lori likishashushwa, aichukue hati ya kupokea mzigo kabla haijaenda kwa mhasibu, na pembeni ya tani aandike idadi ya watu walioushusha. Nafasi ipo, chini ya saini, upande wa kulia.

Wenu,

Mpakiaji wa zamani na beki wa kulia wa zamani